Ushuru wa Forodha: Nani Aupangaye, Nani Autozaye, na Nani Hana Haki Nao

Katika lugha yetu neno ushuru limebebeshwa mizigo mingi mno. Mtu akitozwa fedha kwa magunia yake ya maharage kwenye kizuizi cha njiani, husema ametozwa ushuru. Akilipia mahali pa kutandaza mboga zake sokoni, husema amelipa ushuru. Na mfanya biashara aliyeleta shehena ya nguo kutoka ng'ambo, naye akitoka katika nyumba ya forodha, husema vivyo hivyo. Jina ni moja, lakini mambo ni mbalimbali, na kila jambo lina mwenyewe. Kwa kutoyajua hayo wengine hulipa wasichopaswa kulipa, na wengine hukataa kulipa kilicho haki, wakaingia katika mashaka. Basi twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, hasa machifu, viongozi wa vijiji na waalimu, ambao watu huwaendea kuuliza, jinsi kazi ya forodha ilivyogawanywa baina ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Serikali za nchi, na halmashauri au kaunti.

ASILI YA JAMBO HILI

Neno forodha lilitujia kutoka kwa Waarabu, na asili yake ni bandari, yaani mahali vyombo vinapotia nanga na kushusha shehena. Ndiyo sababu pale Unguja, mbele ya mji wa kale penye bahari, huitwa Forodhani hata leo. Katika zama za Seyyid Said, Sultani hakuukusanya ushuru mwenyewe, bali aliukodisha. Mfanya biashara alimlipa Sultani fedha maalum kila mwaka, kisha yeye akautoza ushuru bandarini, na kilichozidi kikawa faida yake. Kwa miaka mingi mkataba huo ulikuwa mikononi mwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji. Wala kiasi cha ushuru hakikuwa katika hiari ya Sultani peke yake, maana kwa mapatano yake na Marekani ya mwaka 1833, bidhaa za Wamarekani zilitozwa 5 kwa mia na si zaidi. Basi tangu siku zile kupanga kiasi, kukusanya fedha na kuzipokea zilikuwa kazi tatu mbalimbali.

Huko bara mambo yalikuwa mengine. Kila mtawala alikuwa kama ana forodha yake mwenyewe. Misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilitoa nguo, shanga na waya kwa watawala wa njiani, na malipo hayo yaliitwa hongo. Nchi ya Ugogo ilijulikana sana kwa hongo, kwa kuwa ni nchi kavu, na msafara haukuweza kupita pasipo maji ya wenyeji. Siku zile hongo haikuwa aibu, ilikuwa haki ya mwenye nchi. Lakini leo neno lilo hilo lina maana ya rushwa. Halikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni haki iliyokuwa nyuma yake. Haki ya kutoza bidhaa zipitazo iliondoka kwa watawala wa njiani ikapanda juu, na kinachotozwa chini pasipo haki kikabaki na jina lile la zamani. Tunaomba msomaji alishike jambo hili, maana ndilo ufunguo wa yote yatakayofuata.

Kupanda huko kulikwenda kwa daraja. Mwaka 1917 forodha za Kenya na Uganda ziliunganishwa, na Tanganyika ikaingia katika umoja huo hatua kwa hatua hata mwaka 1927. Mwaka 1949 idara zenyewe zikawa idara moja ya nchi tatu. Baada ya uhuru ikaja Jumuiya ya mwaka 1967, nayo ikavunjika mwaka 1977. Kila nchi ikarudia kutoza peke yake, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hata mwaka 1983. Kisha mapatano mapya yakatiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na Umoja wa Forodha ukaanza kazi tarehe 1 Januari 2005 kwa Kenya, Uganda na Tanzania. Rwanda na Burundi zikaingia katika Umoja huo mwaka 2009. Kufika mwaka 2024, baada ya Sudani Kusini, Kongo na Somalia kujiunga, nchi za Jumuiya zilikuwa 8.

KAZI YA JUMUIYA NI KUPANGA

Kazi ya kwanza, yaani kupanga kiasi cha ushuru kwa bidhaa zitokazo nje ya Jumuiya, imewekwa mikononi mwa nchi zote pamoja. Mawaziri wa nchi hizo huketi katika Baraza la Mawaziri la Jumuiya, na wanayokubaliana hutangazwa katika Gazeti la Jumuiya. Sheria yenyewe ya kusimamia forodha ni ya mwaka 2004, nayo ni moja kwa nchi zote. Mtu akipitisha mali kwa magendo, awe Mombasa, Mutukula au Kigali, sheria inayomhukumu ni ile ile: mali yake hutwaliwa, naye aweza kufungwa hata miaka 5, au kutozwa faini ya nusu ya thamani ya mali, au vyote viwili.

Bidhaa zimegawanywa kwa makundi. Mali ghafi na mitambo ya kufanyia kazi kwa kawaida haitozwi kitu. Bidhaa zilizofanyizwa nusu hutozwa 10 kwa mia, na zilizokamilika 25 kwa mia. Tarehe 1 Julai 2022 liliongezwa kundi la nne la 35 kwa mia, kwa vitu ambavyo nchi zetu zaweza kuvifanya zenyewe, kama vile samani. Tena kuna vitu vichache viitwavyo vya hadhari, ambavyo hutozwa zaidi kwa ajili ya kuwalinda wakulima na wenye viwanda wetu. Mchele umepangiwa 75 kwa mia, na sukari 100 kwa mia.

Hapa yafaa tuseme kweli yote. Kila mwaka, kabla ya bajeti, nchi moja moja huweza kuliomba Baraza ruhusa ya kutoza kiasi kingine kwa bidhaa fulani kwa muda wa mwaka mmoja. Kwa njia hiyo Kenya ilitoza mchele wa kigeni 35 kwa mia kwa miaka mingi, badala ya 75, kwa kuwa mchele wake wenyewe haukuwatosha watu wake. Mlaji wa mjini alipata nafuu, lakini mkulima wa Mwea, na hata wa Mbeya anayepeleka mchele Nairobi, alikuta sokoni mpinzani wa bei ndogo. Basi mkulima akiuliza kwa nini bei ya mpunga wake imeshuka, yamkini jawabu haliko katika ofisi ya wilaya wala ya mkoa. Liko katika ruhusa iliyoombwa na nchi na kutolewa na Baraza. Na ombi la kuiondoa ruhusa hiyo haliwezi kumalizwa na mkuu wa wilaya. Halina budi kwenda kwa mbunge na waziri, ili lifike mahali linapoweza kujibiwa.

KAZI YA NCHI NI KUTOZA NA KUPOKEA

Kazi ya pili, yaani kutoza, haikuachwa kwa Jumuiya. Huko Arusha hapana ofisa anayefungua sanduku la mtu bandarini. Maofisa ni wa kila nchi: katika Tanzania ni Mamlaka ya Mapato, iliyoanza kazi mwaka 1996, katika Kenya ni Mamlaka ya Mapato iliyoanza mwaka 1995, na katika Uganda ni ile iliyoundwa mwaka 1991. Hawa hukagua, hukadiria thamani, hutoza, na fedha huingia katika hazina ya nchi yao. Jumuiya haina hazina ya pamoja ya ushuru wa forodha.

Msomaji aweza kuuliza, mali ikishuka Mombasa nayo yaenda Kampala, nani apokeaye? Zamani lilikuwa jambo la ugomvi na uchelewesho mwingi, na malori yalilala mpakani siku nyingi. Tangu mwaka 2014 nchi zetu zilianza mpango wa kuzihesabu kuwa eneo moja la forodha. Ushuru wa mali iendayo Uganda hukadiriwa na kulipwa kwa Uganda mali ingali bandarini, kisha lori hupita. Nchi yenye bandari hailipwi ushuru wa mali isiyo yake, na nchi isiyo na bahari hainyimwi haki yake.

Tutoe mfano mdogo. Tuseme mtu ameleta viti kutoka ng'ambo vilivyo katika kundi la nne, na thamani yake pamoja na nauli na bima ni shilingi 100. Ushuru wa forodha ni shilingi 35, sawasawa Dar es Salaam na Mombasa, kwa kuwa ulipangwa na Jumuiya. Sasa jumla ni shilingi 135. Juu ya jumla hiyo kuna kodi ya ongezeko la thamani, nayo hupangwa na Bunge la kila nchi. Kwa kiasi cha mwaka 2024, Tanzania ilitoza 18 kwa mia, yaani shilingi 24 na senti 30. Kenya ilitoza 16 kwa mia, yaani shilingi 21 na senti 60. Tena kila nchi huweza kuwa na tozo zake nyingine, kama ile ya kujenga reli. Karatasi ya malipo ni moja, lakini mistari yake imeandikwa na mikono mbalimbali. Mtu akiona mali imekuwa ghali, na asome mstari hata mstari, apate kujua ni nani wa kulalamikiwa.

Katika Tanzania kuna daraja moja zaidi. Ushuru wa forodha ni jambo la Muungano tangu Hati za Muungano za mwaka 1964, na Katiba ya mwaka 1977 imeliandika katika orodha ya Mambo ya Muungano. Kwa hiyo Unguja na Pemba forodha ni kazi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania, ingawa Serikali ya Mapinduzi ina chombo chake cha kukusanya kodi zisizo za Muungano. Na ushuru wa forodha unaokusanywa Zanzibar hubaki kwa matumizi ya Zanzibar. Hapa twaona tena kwamba anayetoza na anayetumia si lazima wawe mmoja.

HALMASHAURI NA KAUNTI HAZINA FORODHA

Sasa tumefika karibu na mlango wa msomaji. Halmashauri ya wilaya katika Tanzania ina haki ya kutoza ushuru wa mazao, ushuru wa soko, na ada kadha wa kadha. Hizo ni haki za kweli, nazo hutumika kwa zahanati, shule na njia. Lakini si forodha. Halmashauri haiwezi kutoza kitu kwa sababu tu kimevuka mpaka wa wilaya, kana kwamba wilaya ni nchi. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 138, yakataza kutoza kodi yoyote isipokuwa kwa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliopata nguvu katika sheria hiyo. Kwa hiyo hata ushuru wa mazao hauna budi kuwa na sheria nyuma yake. Mwaka 2017 ushuru huo ulipunguzwa kutoka 5 kwa mia ukawa 3 kwa mia kwa mazao ya biashara, na 2 kwa mia kwa mazao ya chakula. Tena ikaamriwa kwamba mtu anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe.

Katika Kenya jambo hili limeandikwa wazi katika Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 209. Serikali ya taifa peke yake ndiyo yenye haki ya kutoza ushuru wa forodha na ushuru mwingine wa bidhaa ziingiazo na zitokazo. Kaunti, ambazo ni 47, zaweza kutoza kodi ya mali kama ardhi na nyumba, kodi ya burudani, na malipo ya huduma zinazotolewa. Na ibara iyo hiyo yaonya kwamba kaunti isitumie haki yake ya kodi kwa namna ya kuidhuru biashara inayovuka mipaka ya kaunti, wala kuzuia mali isipite. Hata hivyo malalamiko ya malori kusimamishwa kaunti baada ya kaunti yamesikika mara nyingi. Mzigo mmoja ukitozwa mara tatu njiani, mlaji hulipa kwa bei, na mkulima hulipa kwa kupunjwa.

Na machifu je? Katika Tanganyika mamlaka ya machifu katika Serikali yalikwisha mwaka 1963. Katika Kenya chifu ni mtumishi wa Serikali ya taifa, wala si wa kaunti. Lakini naye hana haki ya kutoza ushuru wa aina yoyote kwa mali ipitayo katika eneo lake. Kazi yake ni kuwafahamisha watu sheria, na kuwapa habari wenye kazi iwapo magendo yapita katika njia za panya.

MFANO WA MAGUNIA SITA

Tumtazame mkulima wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, mwenye magunia 6 ya maharage, ya kilo 100 kila moja, naye ataka kuyauza katika soko la Taveta, ng'ambo ya mpaka. Mzigo wake ni kilo 600, haufiki tani moja. Basi kwa agizo la mwaka 2017 tulilolitaja, akivuka kutoka halmashauri yake kwenda Rombo hapaswi kutozwa ushuru wa mazao kwenye kizuizi.

Afikapo Holili hasimami kwa maofisa wa Tanzania kwanza na wa Kenya baadaye, kama ilivyokuwa zamani. Kituo hicho ni cha huduma za pamoja, na aendaye Kenya hupita moja kwa moja hata Taveta, ambako maofisa wa nchi zote mbili hukaa pamoja. Maharage yaliyolimwa katika nchi ya Jumuiya hayatozwi ushuru wa forodha, mradi asili yake ithibitishwe. Kwa mzigo ambao thamani yake haizidi dola 2,000 za Kimarekani, kuna hati nyepesi ya asili ya bidhaa, nayo hupatikana hapo hapo mpakani kwa maofisa wa forodha. Lakini asidhani kwamba kutotozwa ushuru ni kutoulizwa kitu. Vyeti vya afya ya mimea na vya ubora wa chakula ni vya wizara na vyombo vingine, navyo havifutwi na Umoja wa Forodha. Mwezi wa Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumu ya ukungu, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti. Ushuru haukuwa shida siku hizo. Shida ilikuwa cheti.

Akisha kuingia sokoni Taveta, atalipa ada ya mahali pa kuuzia, na fedha hiyo ni ya kaunti. Hiyo ni haki, nayo ailipe. Basi katika safari yake, miongoni mwa anayodaiwa kwa haki ni ada ya soko na gharama za vyeti vyake. Mtu mwingine akimzuia njiani na kumtaka kitu asichokitolea stakabadhi, hiyo ni hongo kwa maana yake ya leo.

MTU AKIONA AMEDHULUMIWA

Wengi hawajui kwamba sheria ya forodha imeweka njia ya kulalamika. Asiyeridhika na uamuzi wa ofisa wa forodha huandika kwa Kamishna katika muda wa siku 30. Kamishna naye amepewa siku 30 za kujibu. Asipojibu katika muda huo, ombi huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Akijibu kwa kukataa, mlalamikaji ana siku 45 za kupeleka rufani mbele ya baraza la rufani za kodi la nchi yake. Hapa pia kazi imegawanywa: sheria ni ya Jumuiya, lakini mwamuzi ni wa nchi. Kwa ushuru wa mazao au wa soko njia ni nyingine. Malalamiko yaanzie kwa mkurugenzi wa halmashauri na diwani, au kwa kaunti na mjumbe wa bunge lake. Anayepeleka lalamiko la soko kwa Kamishna wa forodha, au la forodha kwa diwani, hupoteza siku zake bure.

Kwa hiyo twawasihi waalimu wawafundishe vijana maswali manne ya kuuliza mtu anapotakiwa ushuru: Je, ni ushuru gani? Ni kwa sheria gani? Ni wa nani, Serikali ya nchi, halmashauri au kaunti? Na stakabadhi iko wapi? Ofisa wa haki hachukizwi na maswali hayo, maana majibu anayo. Viongozi wa vijiji nao wabandike mahali pa mkutano orodha ya ada halali za eneo lao, kila mtu aisome kabla hajafunga mzigo wake. Watu walisema zamani kwamba kuuliza si ujinga. Na kwa mwenye magunia sita, kuuliza kwa adabu na kungoja stakabadhi kwaweza kuwa ndiyo tofauti baina ya kurudi nyumbani na faida na kurudi mikono mitupu.